Mgeni Siku Mbili: Mpira wa Mkojo na Nadharia Tulizoziacha Darasani

Hotuba kwa wauguzi, wakunga na wanafunzi wa uuguzi, Siku ya Wauguzi Duniani, Mei 12

Ndugu mgeni rasmi, Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mfawidhi, walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii, wauguzi na wakunga wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimetuishia: shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi.

Mishumaa tumeshaizima, kiapo tumeshakisema. Niliombwa nizungumze juu ya nadharia za uuguzi na kinga dhidi ya maambukizi hospitalini. Mada ni pana, nami nimeikata mpaka ikabaki kitu kimoja ambacho karibu kila mmoja wetu amekishika kwa mkono wake: mpira wa mkojo. Ni ule unaoingizwa kibofuni ili mkojo ushuke kwenye mfuko, na vitabuni unaitwa katheta. Mgonjwa anauita mpira, ndugu zake wanauita mpira, nasi tukiwa wodini tunauita mpira, kwa hiyo nitauita hivyo hivyo.

Nianze na mgonjwa. Miaka mingi iliyopita, nikiwa na miaka miwili tu kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulimlaza mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi. Aliletwa usiku, fahamu zake hazijatulia, mkojo unamtoka. Tukamwekea mpira. Siku ya nne mzee alikuwa anakaa kitandani mwenyewe, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto, anataniana na kijana wa kitanda cha jirani. Kila asubuhi nilipopita kumpima joto, tukishamaliza shikamoo na marahaba, aliniuliza: "Mwanangu, huu mpira unatoka lini?" Nami kila asubuhi nilimjibu: "Daktari akipita tutamuuliza, baba."

Daktari alipita. Sikumuuliza. Wala sikusahau. Nilijua kwamba mpira ukitoka, usiku nitabaki peke yangu na wagonjwa 34, na shuka za mzee zikilowa ni zangu.

Siku ya kumi na moja alianza kutetemeka kwa baridi, mchana, jua kali. Nyuzi joto 39.6. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa mzito kama maji yaliyooshewa mchele. Siku ya kumi na tatu alifariki. Kwenye faili kiliandikwa kiharusi. Mpira haukuandikwa popote, na mimi niliyeufahamu habari zake siku kwa siku sikuandika neno.

Nimelisema hili mbele ya wanafunzi kwa makusudi. Sikukosa ujuzi wa kuweka mpira. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, mwalimu wangu alinisifu. Nilinawa, nilivaa glovu tasa, nilisafisha inavyotakiwa. Mtihani wa vitendo ningeupata wote. Kilichokosekana kwangu ni kule kujiuliza kila asubuhi: huyu mtu leo anahitaji nini kutoka kwangu, na kipi anaweza kukifanya mwenyewe? Swali hilo ndiyo nadharia ya uuguzi. Nililijibu vizuri sana kwenye karatasi, kisha nikalifungia kwenye sanduku pamoja na madaftari ya chuo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilieleza kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Kati ya kila 10 wanaoambukizwa, mmoja hufariki. Kwa upande wa njia ya mkojo, CDC, taasisi ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, inakadiria kwamba asilimia 75 hivi ya maambukizi yanayopatikia hospitalini yanatokana na mpira. Yaani mgonjwa amekuja na kiharusi, au amekuja kujifungua, au amevunjika nyonga, akapata ugonjwa wa pili kutoka mikononi mwetu.

Tuangalie unavyoingia. Kibofu kizima hujisafisha chenyewe. Kinajaa, kinafunguka, mkojo unatoka kwa kasi na kuwafagia bakteria waliokuwa wanapanda. Ukiweka mpira umeondoa ufagio huo. Mlango sasa uko wazi usiku na mchana, na juu ya hapo, lile puto linaloushikilia mpira ndani huacha kiasi kidogo cha mkojo ambacho hakitoki kamwe, kimetuama chini ya vitundu vya mpira. Bakteria hupanda kwa njia mbili. Wengine hutambaa nje ya mpira, kati ya mpira na nyama, wakitokea kwenye ngozi ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Ndiyo maana wanawake wako hatarini zaidi kwa njia hii. Wengine hupita ndani ya mpira wenyewe, wakitokea kwenye koki ya mfuko au pale mtu alipotenganisha mpira na mfuko. Wakishafika hujijengea utando, ute mwembamba unaoganda kwenye ukuta wa mpira, na ndani ya utando huo dawa haziwafikii vizuri. Wapo wengine, kama Proteus, wanaobadilisha mkojo ukaacha chembe ngumu kama chokaa mpaka mpira unaziba.

Kila siku mpira unapokaa, asilimia 3 hadi 7 ya wagonjwa wenye mpira huanza kuwa na bakteria kwenye mkojo. Ukifika mwezi, karibu wote wanao. Hii ndiyo hesabu iliyonibadilisha. Unaweza kuweka mpira kwa usafi wa hali ya juu kabisa, lakini ukiuacha tu, siku zitakushinda.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu mpira kwa methali hiyo, na nilifurahi nilipogundua kwamba hata kanuni za CDC za kuhesabu maambukizi haya huanza kuyahusisha na mpira pale unapokuwa umekaa zaidi ya siku mbili. Siku ya tatu mgeni aulizwe: uko hapa kwa kazi gani? Kama ana kazi, abaki. Kama hana, aage.

Sasa turudi kwa wananadharia wa uuguzi tuliowaacha darasani.

Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, tumemwimba leo na taa yake. Mimi naomba tumkumbuke na kalamu yake. Alifika Scutari, Uturuki, Novemba 1854 na wanawake 38, akakuta hospitali ya jeshi iliyojengwa juu ya mifereji mibovu ya maji machafu. Askari waliokufa kwa magonjwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha ya vita. Machi 1855 ilikuja tume ya usafi, ikasafisha mifereji na kufungua hewa, vifo vikashuka sana. Aliporudi Uingereza alikaa chini akahesabu, akachora michoro ya vifo mwezi kwa mwezi na sababu zake, ili wakubwa wa serikali wasipate pa kukwepea. Baadaye akaandika kwamba huenda ikaonekana ajabu kuitamka kama kanuni, lakini sharti la kwanza kabisa la hospitali ni kutomdhuru mgonjwa. Wakati ule hakuwa na habari za bakteria. Hata E. coli, bakteria huyu anayetusumbua kwenye mipira, alitambuliwa mwaka 1885. Nightingale alitazama mazingira, akahesabu, akaona uhusiano.

Wodini kwetu mazingira ya mpira ni yapi? Ni mfuko uliolala sakafuni. Ni mfuko ulionyanyuliwa na kuwekwa juu ya tumbo la mgonjwa wakati wa kumsukuma kwenda eksirei, mkojo wa jana ukarudi kibofuni. Ni mpira uliokunjika chini ya paja. Na zaidi ya vyote, ni lile kopo. Mnalijua. Kopo moja la kumwagia mkojo, linaanzia kitanda namba moja mpaka kitanda cha mwisho, koki ya kila mfuko inagusa mdomo wake, glovu ni zile zile. Muuguzi amevaa glovu, kwa hiyo anajiona yuko salama. Yeye kweli yuko salama. Wagonjwa wake wote sita amewaunganisha kwa kopo moja, kama wanaolala kwenye shuka moja. Kila mgonjwa awe na kopo lake, lenye jina lake, na mikono inawe kati ya kitanda na kitanda. Kama hela ya makopo haipo, makopo ya plastiki tunayotupa majumbani yapo, yakatwe, yaoshwe, yakaushwe juani. Hili halingoji bajeti.

Na tuhesabu kama yeye. Kila asubuhi saa ile ile, hesabu wagonjwa wangapi wana mpira leo. Jumlisha za mwezi mzima. Hizo ndizo siku za mpira. Chukua maambukizi yaliyotokea, gawa kwa siku za mpira, zidisha kwa 1,000. Ni hesabu ya darasa la saba, na bila hiyo hatuwezi kumwambia mtu yeyote kama tunapanda au tunashuka.

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, ana orodha ya mahitaji 14 ya msingi ya mtu, na wanafunzi huyakariri kama beti za wimbo. La tatu ni kutoa uchafu mwilini. Tunaweka mpira tukijipongeza kwamba la tatu limekwisha. Endeleeni kusoma orodha. La nne, kutembea na kujigeuza: mgonjwa mwenye mpira amefungwa kitandani kwa kamba isiyoonekana; anaogopa kugeuka, anaogopa kushuka. La tano, kulala: muulizeni kama analala. La sita, kuvaa: mzee mwenye suruali na mfuko unaoning'inia mbele ya wakwe zake waliokuja kumwona. La tisa, kuepushwa na hatari: huo utando nilioueleza. La kumi na moja, kuabudu kwa imani yake. Nilikutana na mzee mmoja aliyekuwa na mpira miezi miwili, alikuwa ameacha kuswali kabisa kwa kudhani mkojo ulio kwenye mfuko umemfungia mlango. Hakuna aliyemuuliza. Nilimwomba mwanawe amlete imamu wao, wakazungumza muda mfupi, na alasiri ile mzee aliswali akiwa amekaa kitandani, akalia. Hitaji moja tulilitimiza kwa kulikanyaga jingine, na hatukujua kwa sababu hatukusoma orodha mpaka mwisho.

Henderson huyu huyu, katika ufafanuzi wake wa uuguzi, anasema tunamsaidia mtu kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, na tumsaidie kwa namna itakayomrudisha kujitegemea mapema iwezekanavyo. Hayo maneno ya mwisho, mapema iwezekanavyo, mimi nayaandika juu ya kila mpira.

Lakini aliyenifungua macho hasa ni Dorothea Orem, naye muuguzi wa Marekani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971, na wazo lake ukilisema kwa lugha ya nyumbani ni jepesi: kila mtu ana kazi ya kujitunza mwenyewe. Ugonjwa ukimpunguzia uwezo, pengo linatokea kati ya anachohitaji na anachoweza. Muuguzi anaingia kwenye pengo hilo, na hapo tu. Pengo likiwa kubwa, muuguzi anafanya yote. Likipungua, wanagawana na mgonjwa. Likibaki dogo, mgonjwa anafanya mwenyewe, muuguzi anamfundisha na kumtia moyo.

Mrudisheni yule mzee wangu kwenye nadharia hiyo. Usiku wa kwanza pengo lilikuwa kubwa. Nilifanya yote, na mpira ulikuwa na sababu yake, walau kwa usiku ule. Siku ya nne pengo lilikuwa limepungua mbele ya macho yangu. Alikuwa anakaa, anaongea, anajua mkojo unapokuja, ana mkono mmoja mzima. Alihitaji chombo cha kukojolea karibu na mkono wa kushoto, na mtu wa kupita kila baada ya saa mbili au tatu kumuuliza. Yeye alikuwa amepiga hatua, mimi nimesimama pale pale pa usiku wa kwanza. Nilijaza pengo ambalo halikuwepo tena, na nilichojazia ni mpira.

CDC walipotoa mwongozo wao mwaka 2009 waliorodhesha matumizi ya mpira yasiyofaa, na mojawapo ni kuutumia badala ya huduma ya uuguzi kwa mgonjwa anayetokwa na mkojo. Nilipousoma mstari huo nilifunga karatasi nikatoka nje. Ulikuwa unanisema mimi. Mpira ulikuwa umeajiriwa kwenye nafasi yangu.

Sababu halali zipo, na tusije tukatoka hapa tukachomoa mipira ya watu. Mkojo uliofunga hautoki. Mgonjwa mahututi ambaye kila saa lazima tujue anatoa mkojo kiasi gani. Baadhi ya upasuaji. Kidonda kilicho wazi makalioni kwa mtu asiyeweza kuzuia mkojo. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo anayetakiwa alale bila kusogezwa. Mtu anayeelekea mwisho wa safari ambaye mpira unampa utulivu. Aliyefanyiwa upasuaji na hana sababu nyingine, mpira utoke mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Na tukiutoa, ile tabia ya kuubana na kuufungua siku mbili nzima eti kukifundisha kibofu haina haja. Utoe, mpe maji, mpe chombo, mfuatilie kama amekojoa.

Wakunga wananitazama. Najua mnalotaka kusema: mama aliyekaa na uchungu siku mbili, kichwa cha mtoto kimebana kibofu, huyo mpira ni kinga yake dhidi ya fistula, lile tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo. Ni kweli kabisa, na huyo aachwe nao kwa siku alizopangiwa. Hata kwa fistula yenyewe tumejifunza kutopitiliza. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa hospitali nane katika nchi nane za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wanawake waliotengenezwa fistula isiyo ngumu waligawanywa, wengine wakakaa na mpira siku 7, wengine siku 14. Siku 7 hazikuonekana kuwa duni kuliko 14. Fistula hazikufunguka zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku 7 hadi 10. Fikirini mwanamke aliyevuja mkojo miaka mingi, akatengwa, leo anaambiwa wiki moja badala ya mbili. Na fikirini kitanda kinachobaki wazi kwa mwenzake anayesubiri.

Nani basi aulize habari za mpira kila asubuhi? Wengi mtasema daktari. Mwaka 2000 ulitoka utafiti wa hospitali nne za Marekani. Madaktari waliulizwa, mmoja mmoja, kama wagonjwa wao wana mpira. Kwa wagonjwa wenye mpira, asilimia 28 ya majibu yalionyesha daktari hajui. Wanafunzi wa udaktari hawakujua kwa asilimia 21. Madaktari bingwa wasimamizi, asilimia 38. Kadiri cheo kilivyopanda, mpira ulizidi kusahaulika. Siwalaumu. Daktari anasimama kitandani dakika chache, mpira uko chini ya shuka. Anayemwaga mkojo ndiye anayeuona, anayemgeuza mgonjwa ndiye anayeugusa. Huyo ni wewe.

Jimbo la Michigan lilitupa somo kama hilo kwenye mipira ya aina nyingine, ile inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu. Wodi za wagonjwa mahututi zaidi ya 100 ziliweka orodha fupi ya hatua za usafi, na muuguzi akapewa ruhusa ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: maambukizi ya damu yalishuka kwa hadi asilimia 66. Orodha ilikuwa na mambo ambayo kila daktari aliyajua. Kilichokuwa kipya ni ruhusa ya muuguzi kufungua mdomo.

Na kwa mpira wa mkojo, mpango uliohusisha hospitali 603 za Marekani, ulioripotiwa mwaka 2016, ulipunguza maambukizi kwa asilimia 32 kwenye wodi za kawaida. Kwenye wodi za mahututi hayakupungua. Mimi naisoma hivi: kule mahututi mipira mingi ina sababu yake. Kwenye wodi za kawaida ndiko wageni wasio na kazi wamejaa, na wodi za kawaida ni zetu.

Niseme kidogo juu ya maabara, maana hapa tunakosea kwa nia njema. Mkojo kwenye mfuko ukiwa na ukungu, au ukinuka, tunakimbilia kuuotesha, bakteria wanaota, mgonjwa anaanzishiwa antibaiotiki. Bakteria waliokaa kwenye mkojo bila homa, bila maumivu, bila dalili yoyote, kwa wagonjwa wengi hawahitaji dawa. Mama mjamzito na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo wana utaratibu wao. Tukiwatibu wote tunaotesha usugu wa dawa ndani ya wodi yetu wenyewe, kisha siku mgonjwa anapougua kweli tunafungua kabati la dawa hatuna cha kumpa. Na huyo anayeugua kweli, kama mpira umekaa zaidi ya wiki mbili na bado anauhitaji, badilisheni mpira kwanza, sampuli ichukuliwe kwenye mpira mpya. Sampuli ya mpira wa zamani inakupa habari za utando.

Sasa nifike kwa baba zetu wa tezi dume. Hawa wanaruhusiwa kwenda nyumbani na mpira wakisubiri upasuaji, na kwa wengi kusubiri ni miezi. Tunawakabidhi mpira, mfuko na tarehe ya kliniki, dakika mbili, mwingine. Orem anasema huyu yuko kwenye hatua ya tatu: anajitunza mwenyewe, kazi yetu ni kufundisha. Je, tumefundisha? Nilipanda daladala siku moja nikakaa jirani na mzee amepakata kikapu kwa mikono miwili kama amebeba mayai. Ndani ya kikapu, chini ya kanga, ulikuwa mfuko wake wa mkojo. Ameuinua juu ya kibofu kwa safari nzima, mkojo unarudi ndani, na ameuinua kwa sababu ya aibu. Kosa lilikuwa la aliyemruhusu bila kumwonyesha namna ya kuufunga mfuko pajani, chini ya kibofu, ndani ya suruali pana au kikoi, ambako hauonekani na mkojo unashuka.

Mkalishe chini. Mwite mke wake au mwanawe, yule atakayekuwa naye nyumbani. Mwambie anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira, asafishe kwa maji na sabuni kila siku, dawa kali hazihitajiki. Asitenganishe mpira na mfuko bila sababu. Anywe maji ya kutosha kama hakuna katazo la daktari. Akiona homa, damu, maumivu ya tumbo chini ya kitovu au mfuko umekaa mkavu kwa saa kadhaa, arudi siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Kisha mwambie yeye akurudishie kwa maneno yake na akuonyeshe kwa mikono yake. Asipoweza, hujafundisha bado.

Mganga Mfawidhi, mkubwa wangu, naomba uniruhusu niseme na wewe mbele ya watu. Naomba hospitali hii iwe na utaratibu ulioandikwa, uliosainiwa, kwamba muuguzi akiona sababu ya mpira imekwisha, autoe bila kungoja amri, isipokuwa pale daktari alipoandika sababu ya kuuacha. Na naomba vyombo vya kukojolea na bedipeni. Wodi ya wanaume ina vitanda vingi kuliko vyombo. Muuguzi akiambiwa atoe mpira halafu hana chombo cha kumpa mgonjwa, tumemwambia achague kati ya mpira na shuka zilizolowa. Nami nilipokuwa na miaka miwili kazini, usiku, peke yangu, niliambiwa nichague hivyo. Nilichagua vibaya, na nitalibeba. Lakini sitaki binti yeyote kati ya hawa waliosimama nyuma awekwe mahali pale. Mtu mmoja kwa wagonjwa 34 usiku hawezi kupita kila baada ya saa mbili kumuuliza mzee kama mkojo umekuja. Hata Orem angekuwepo asingeweza.

Kwa yaliyo mikononi mwetu, tusingoje barua. Nimezungumza na Muuguzi Mfawidhi, amekubali tuanze na wodi ya wanaume. Kesho saa moja na nusu asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, tutapita kitanda kwa kitanda. Kila mwenye mpira tutaandika kwenye kadi yake ya kitanda tarehe uliyowekwa na sababu yake, kwa maneno ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataelewa. Tusipopata sababu, tutamwita daktari wa zamu pale pale. Na mgonjwa akituuliza unatoka lini, aliyesimama karibu naye atamjibu kwa tarehe.

Wanafunzi mnaokuja, leteni kalamu. Asanteni kwa kunisikiliza.